Mbio ya Kwanza: Fainali ya South Sydney ya 2014 Ikitazamwa Kutoka Nakuru

Swali lililetwa na kamati, na kamati haikulileta kwa ubaya. Timu yetu ya raga ya vijana hapa Nakuru ina mfuko mdogo unaotosha kumshika mchezaji mmoja msimu mzima: kumlipia matatu hadi uwanjani, kumpa chakula siku za mechi, na kumwongezea kidogo ili asikose mazoezi akihangaikia kibarua. Mmoja tu. Mezani walikuwa wawili. Wa kwanza ni winga, mkimbiaji wa pembeni, anayejulikana kutoka Kaptembwa hadi Free Area kwa sababu anafunga trai, yaani anauweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Wa pili ni propu, mchezaji mzito wa mstari wa mbele, ambaye asubuhi hubeba magunia ya viazi Soko la Wakulima na jioni huja mazoezini akiwa bado na vumbi la viazi shingoni. Klabu moja ya Nairobi imeshamtumia ujumbe. Mimi ndiye ninayewafundisha mafowadi, wale wazito wa mbele, kwa kujitolea, na niliombwa nitoe maoni yangu kwa maandishi.

Sikutaka kuandika "propu" kwa sababu tu mimi mwenyewe nilivaa jezi namba 3 miaka yote. Nilitafuta kisa cha mbali, cha timu ambayo hakuna mtu hapa anayeipenda wala kuichukia, ili tukijadili bila kuoneana aibu. Nilikipata katika raga ya watu 13, ile inayochezwa sana Australia na kaskazini mwa Uingereza. Ni kisa cha South Sydney, waliotwaa ubingwa wa Australia mwaka 2014 kisha wakampoteza fowadi wao bora kabla ya msimu uliofuata. Sisi watu wa Nakuru mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo letu: Nakuru RFC walikuwa wametwaa Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, 2013, na 2014 wakaitwaa tena. Kwa hiyo nilipoitaja 2014 hakuna aliyeniuliza ni zamani gani hiyo.

Kwa nini raga ya 13, na sisi tunacheza ya 15? Kwa sababu katika ya 15 propu ana mahali pengi pa kujificha. Akiwa mzito kwenye skramu, pale mafowadi wanaposukumana kwa mabega, tunamsamehe asipokimbia. Akimwinua mwenzake vizuri kwenye laini-auti, pale mpira unaporushwa ndani kutoka pembeni, tunamsamehe akikosa kukaba. Raga ya 13 iliiondoa laini-auti mapema, mwaka 1897, na 1906 ikapunguza wachezaji kutoka 15 na kufuta ule msongamano wa kugombania mpira chini. Skramu bado ipo, lakini hakuna anayesukuma kwa dhati. Fowadi amebakiziwa kazi mbili zilizo wazi kama mchana: kukimbia na mpira kwenye ukuta wa watu, na kuwa ukuta wenyewe. Ukitaka kujua fowadi ana thamani gani, mtazame mahali ambapo hana pengine pa kuificha.

Sheria za mchezo huo zinahitaji dakika moja. Timu hupewa nafasi sita za kuangushwa. Aliyeangushwa husimama, huweka mpira chini, huusukuma nyuma kwa unyayo, mwenzake huuokota na mchezo huendelea. Walinzi, isipokuwa mmoja au wawili wanaosimama mbele ya mpira, lazima wawe wamerudi nyuma mita 10. Ukiangushwa mara ya sita mpira unakuwa wa wapinzani, na ndiyo maana baada ya mara ya tano watu hupiga teke.

Sasa piga hesabu. Anza mita 10 kutoka mstari wako wa trai. Ukipata mita 6 kila unapoangushwa, baada ya mara tano uko mita 40, bado uko kwako, na teke lako linawaachia wapinzani mpira mahali pa starehe. Ukipata mita 10 kila mara, uko mita 60, umeshaingia upande wao, na teke lile lile linawabana kwenye kona yao. Mguu wa mpigaji haujabadilika hata kidogo. Tofauti yote imeletwa na mita nne ambazo kila mbebaji aliongeza akiwa na watu wawili au watatu mgongoni.

Tena mita si kitu pekee kinachonunuliwa pale. Fowadi wa kawaida akigongwa huanguka chali, walinzi humlalia, wenzao hurudi zile mita 10 kwa utulivu na kujipanga. Fowadi wa daraja la juu huanguka kifudifudi, uso ukielekea alikokuwa akienda, na walinzi wanabaki kung'ang'ania kiuno. Anasimama upesi. Mpira unatoka wakati ukuta bado unarudi nyuma, na mlinzi anayerudi nyuma hana miguu ya kukaba. Mkono wake utashika shati tu. Ndani ya sekunde hizo mbili ndimo winga huzaliwa.

Nilijua maelezo haya hayatamshawishi mtu yeyote nikiyasema kwa mdomo. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya mazoezi tulikaa na laptopu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vijana kumi na wajumbe wawili wa kamati, tukaitazama fainali ya tarehe 5 Oktoba 2014, iliyochezwa Sydney mbele ya watu 83,833. Niliwaeleza kwanza uzito wa siku ile. South Sydney ni klabu ya wafanyakazi, kongwe, iliyowahi kutamba sana, lakini ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1971. Katikati walifukuzwa kabisa kwenye ligi baada ya msimu wa 1999, mashabiki wakaandamana, kesi ikaenda mahakamani, wakarudishwa 2002. Miaka 43 bila kombe. Walimaliza ligi ya kawaida ya 2014 wakiwa wa tatu, wakawafunga Manly 40–24, kisha Roosters 32–22, na sasa walikuwa wanakutana na Canterbury Bulldogs.

Mpira wa kwanza ukapigwa. South Sydney waliupokea, na aliyeubeba kwenda mbele alikuwa Sam Burgess, jezi namba 13, Mwingereza wa miaka 25 kutoka Dewsbury. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa James Graham, Mwingereza mwenzake, waliyekuwa wakichezea timu moja ya taifa. Vichwa vikagongana. Burgess alivunjika mfupa wa shavu na ule unaozunguka jicho. Mechi ilikuwa ndiyo inaanza.

Nilisimamisha video hapo. Winga wetu akawa wa kwanza kusema, na kwa haki yake alisema alichokiona.

"Kocha, sasa mbona anakimbilia palipo na watu? Pembeni kule si kuko wazi?"

Propu wetu, ambaye huwa haongei, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea ukuta. "Kuko wazi kwa sababu wote wameitwa kwake," akasema. Hakuongeza neno.

Burgess alicheza dakika zote 80. Jicho lilivimba, shavu likabonyea, na kila South Sydney walipotoka kwenye kona yao yeye alirudi kuuomba mpira. Hapa lazima niseme jambo ambalo niliwaambia vijana pale pale: mimi sitamwacha mtoto wa mtu uwanjani akiwa amevunjika mfupa wa uso, hata iwe fainali ya dunia. Ujasiri ule naustahi, na siufundishi. Kisa hiki nakileta kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba mtu aliyepungukiwa hivyo, anayeona kwa shida upande mmoja, bado alikuwa mchezaji muhimu kuliko wote uwanjani. Ingekuwaje kama thamani yake ilikuwa mbio au pasi ya ustadi? Ingeisha dakika ya kwanza. Alichokuwa akiuza ni mwili unaofika mahali kwa wakati na kulazimisha watu watatu wauache mstari wao. Biashara hiyo aliiendeleza kwa shavu lililovunjika.

Mabeki, wale wepesi wa nyuma, walikuwa hodari, nisije nikaonekana nawafuta. Trai ya kwanza ilifungwa na Alex Johnston, winga, na hadi mapumziko ilikuwa 6–0. Tuliirudisha nyuma trai ile mara nne. Nilimwomba winga wetu asimtazame Johnston, awahesabu walinzi. Akawahesabu. Akarudia kuhesabu. Kisha akauliza wengine wako wapi, nami nikaisogeza video nyuma hadi walipo: katikati, wakijaribu kuinuka. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kipindi cha pili Bulldogs walisawazisha, 6–6, kwa trai ya Tony Williams, ambaye naye ni fowadi. Hapo ndipo fainali nyingi huamuliwa na teke moja au kosa moja. Hii iliamuliwa na George Burgess, mdogo wake Sam, propu, aliyeuchukua mpira, akawapita walinzi waliokuwa wameshachoka kukaba, akawatikisa wengine begani na kufunga. Vijana walipiga kelele kama wako uwanjani. Baada ya hapo ukuta wa Bulldogs ulibomoka. Kirisome Auva'a akafunga, Adam Reynolds akafunga, na mwishoni Greg Inglis. 30–6.

Ukisoma matokeo tu utasema mabeki walifunga trai nne kati ya tano, kwa hiyo mabeki ndio walioshinda. Hesabu ya kamati nyingi za hapa kwetu ni hiyo hiyo: nani amefunga, alipwe. Lakini tazama zilifungwa lini. Tatu za mabeki zilikuja mwishoni, baada ya zaidi ya saa nzima ya kugongana katikati. Kuna kitu mafowadi huweka akiba kipindi cha kwanza, na mabeki huja kukitoa kipindi cha pili. Jina kwenye risiti ni la aliyetoa.

Waliopewa kazi ya kumchagua mchezaji bora wa fainali hawakudanganywa na risiti. Medali ya Clive Churchill alipewa Sam Burgess. Churchill mwenyewe alikuwa fulbeki, mmoja wa wachezaji wanaoheshimiwa kuliko wote Australia, mtu wa South Sydney. Na ndiye aliyekuwa kocha wa klabu hiyo mwaka 1970, nahodha wake John Sattler, fowadi, alipovunjwa taya mapema katika fainali, akaendelea hadi mwisho na South Sydney wakawashinda Manly 23–12. Klabu ile inajua thamani ya mbeba mpira wa katikati kwa namna ambayo haihitaji kuandikiwa ripoti.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu huipita haraka, nami nataka kukaa nayo kidogo. Katika fainali ile timu zote mbili zilikosa huka wao wa kawaida. Huka katika raga ya 13 ndiye anayeokota mpira nyuma ya kila aliyeangushwa. Mpira hupita mikononi mwake karibu kila mara. Bulldogs walimkosa nahodha wao, Michael Ennis, aliyeumia mguu. South Sydney walimkosa Isaac Luke, aliyefungiwa kwa kosa alilofanya kwenye nusu fainali. Nafasi ya Luke ilichukuliwa na Apisai Koroisau, mchezaji mchanga. Angeweza kuzama. Hakuzama, na hukumu yangu ni kwamba alibebwa na akina Burgess. Huka anayeokota mpira nyuma ya mtu aliyeshinda mgongano wake ana muda wa kuinua macho na kuchagua. Anayeokota nyuma ya mtu aliyerudishwa nyuma anakutana na walinzi usoni, na hata awe na ustadi gani, atatoa pasi ya woga. Fowadi bora hufunika pengo la mwenzake bila kuugusa mpira wa mwenzake.

Jambo jingine ni la benchi. Mwaka 2014 kila timu ya ligi ile ilikuwa na wachezaji wanne wa akiba na mabadilishano 10 kwa mechi. 2016 yakapunguzwa kuwa 8. Mafowadi wa katikati kwa kawaida hucheza vipande: dakika 20 au 25, wanatoka kupumua, wanarudi. Kila kutoka na kurudi kunakula nafasi. Fowadi wa katikati anayecheza dakika zote 80 anamrudishia kocha wake nafasi ambazo angetumia kwake. Kocha Michael Maguire aliweza kuwapumzisha mapropu wake kwa uhuru kwa sababu mtu mmoja wa katikati hakuhitaji kutoka. Kwa hiyo sehemu ya nguvu aliyokuwa nayo George Burgess alipoipasua ngome ya Bulldogs ililipiwa na kaka yake. Jambo hilo haliandikwi kwenye karatasi ya takwimu ya mtu yeyote.

Baada ya fainali, Sam Burgess aliondoka kwenda Bath, Uingereza, kucheza raga ya 15. Ben Te'o, fowadi mwingine mkubwa wa kikosi kile, akaenda Leinster, Ayalandi. Reynolds alibaki, Inglis alibaki, Johnston alibaki, kocha ni yule yule. Kwa mtu anayetaka kujua fowadi ana thamani gani, ni vigumu kupata jaribio zuri kuliko hili: mabeki umewaacha walivyo, umewatoa mbebaji mkuu na msaidizi wake.

Nataka niwe mwaminifu kuhusu kilichofuata, maana mwanzo wake unanipinga. Februari 2015 South Sydney walikwenda Uingereza wakawafunga mabingwa wa huko, St Helens, 39–0. Mjumbe mmoja wa kamati aliposikia hivyo alicheka. "Mwalimu, sasa umejifunga mwenyewe." Nikamwomba asubiri msimu wenyewe. Ligi ilipokolea, wiki baada ya wiki, mabingwa walimaliza nafasi ya saba, na katika mechi yao ya kwanza ya mtoano Cronulla wakawatoa 28–12. Kutoka kombe hadi nafasi ya saba, na mabeki wakiwa wale wale. Mechi moja ya sifa unaweza kuicheza kwa hamasa. Msimu wa miezi saba unataka mtu wa kubeba mpira wa kwanza hata siku ambayo hakuna hamasa.

Je, kila kitu kilisababishwa na kuondoka kwa Burgess? Hapana. Reynolds aliumia goti mwaka huo na kukosa mechi kadhaa. Bingwa hufuatwa na kila timu. Lakini hata goti lile lina somo: aliumizwa akipiga teke huku mlinzi akiwa amemfikia miguuni, naye ni James Graham yule yule. Mpiga teke hufikiwa pale ambapo seti, yaani zile nafasi sita, haikuwachosha walinzi. Sisemi Burgess angekuwepo goti lingepona. Nasema tu kwamba fowadi bora hupunguza idadi ya nyakati ambazo mwenzake hukutwa peke yake.

Sehemu inayofuata ndiyo niliyoisisitiza zaidi kwa kamati, kwa sababu inakataa wazo kwamba fowadi bora ni kama mashine ya kusaga, unaihamisha popote na inasaga. Huko Bath, kocha wa klabu alimwona Burgess kuwa fowadi na akamtumia zaidi hivyo. Makocha wa timu ya taifa ya Uingereza wakaamua ni sentabeki, yaani beki wa katikati. Septemba 2015, kwenye Kombe la Dunia, alianza na jezi namba 12 dhidi ya Wales, Uingereza wakapoteza 28–25, wiki iliyofuata Australia wakawafunga 33–13 na wenyeji wakatoka katika hatua ya makundi. Lawama nyingi zikamwangukia yeye, na mimi naona alionewa. Walimchukua mtu ambaye thamani yake ni kugonga katikati mara ishirini, wakamweka mahali anapougusa mpira mara chache, kisha wakashangaa. Mwisho wa mwaka alirudi South Sydney.

Na aliporudi? Mwaka 2016 South Sydney walimaliza nafasi ya 12. Winga wetu aliposikia hivyo aliniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini Isaac Luke alikuwa ameshahamia New Zealand, Te'o hakuwepo, safu ya mbele iliyomzunguka Burgess 2014 ilikuwa imekatika vipande. Kwa hiyo thamani ya fowadi wa daraja la juu imo katika safu yake. Mtu mmoja anawaita walinzi watatu. Wa pili lazima awe tayari kukimbia pale walipotoka hao watatu. Wa tatu awe tayari wanapoinuka. Ukimnunua wa kwanza bila wa pili na wa tatu, umenunua mtu wa kuumizwa. Penrith, walioutwaa ubingwa wa ligi ile mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, hawakuwa na fowadi mmoja. Walikuwa na Isaah Yeo, James Fisher-Harris, Moses Leota na Liam Martin, wakizungushwa kwa utaratibu. Dunia ilimwimba Nathan Cleary, beki anayewaongozea mchezo, na anastahili. Lakini fainali ya 2023, walipokuwa nyuma 24–8 dhidi ya Brisbane, trai iliyofungua njia ya kurudi ilifungwa na propu Leota, na walishinda 26–24. Mwaka 2024 medali ya Churchill ilikwenda kwa Martin, fowadi.

Nimesema kisa hiki nilikichagua kwa sababu kiko mbali. Nilipoanza kuandika niligundua hakiko mbali hivyo. Raga ya 13 ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli moja mjini Huddersfield, karibu na Dewsbury alikotoka Burgess. Klabu za kaskazini zilijitenga na chama cha raga kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara wa siku unakatwa. Klabu zilitaka ruhusa ya kumfidia mchezaji ule mshahara uliopotea. Wakubwa wa kusini, wenye kazi za ofisini, walikataa. Mchezo mzima ulianzishwa kwa sababu ya pesa ya kibarua cha siku moja.

Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya kamati, na nikaona mzee wetu wa fedha akiiweka kalamu chini. Propu wetu hulipwa kwa gunia. Siku ya mechi ya ugenini, tukienda Kisumu au Kakamega, magunia yake hubebwa na mtu mwingine, na mtu huyo akizoea, nafasi haimngoji. Winga wetu anaishi na wazazi, London, mtaa ulio juu kidogo ya mji, na hakosi chakula. Sisemi hivyo kumshusha. Ni kijana mzuri na ninamwombea afike mbali. Nasema tu ni nani kati yao anakatwa mshahara akija kucheza.

Kuna pingamizi moja la kamati ambalo nilipata tabu nalo. Waliniambia: winga ndiye anayejaza uwanja, mtu halipi kiingilio kumwona propu akiangushwa. Ni kweli, na kiingilio ndicho kinachonunua mipira. Jibu langu si kamili. Nilitazama tena mechi zetu za msimu uliopita kwenye simu ya kijana anayeturekodia. Trai za winga wetu nilizoziona, nyingi zilianza kwa propu yule kuangushwa na watu wawili au zaidi. Mechi ambayo propu hakuja, kwa sababu ya lori la viazi lililochelewa kutoka Molo, winga aliugusa mpira mara chache mno, tena mara nyingi akiwa na mtu usoni. Watu walilipa kumwona siku hiyo pia, na hawakumwona.

Barua yangu kwa kamati imekuwa na mistari mitatu. Pesa ya msimu aishikiwe propu. Winga alipiwe nauli ya ugenini kutoka mchango wa siku ya mechi, jambo ambalo mwenyewe ameshaniambia analikubali. Na tuanze kuwafundisha vijana wawili wa umri mdogo, mmoja wa Rhonda na mmoja wa Bondeni, kukimbia mbio ya pili na ya tatu nyuma yake, maana tukimlipa peke yake tutakuwa tunalipia majeraha.

Kamati inakaa Jumamosi. Jana jioni nilipita sokoni nikamkuta propu akiwa na gunia begani, akanisalimia bila kulishusha. Nikamwomba asiwajibu watu wa Nairobi hadi Jumapili. Akauliza kama ile video bado ninayo, kwa sababu anataka kuona tena jinsi yule jamaa alivyokuwa akianguka.